Bwana Msa Ugogoni

Mpelelezi wa bastola huja kwa kishindo, akasifiwa, akasahauliwa. Mpelelezi mcheshi huzeeka mbele ya macho ya watu wake, nao bado wakamtaka. Wamarekani walimwona Columbo katika filamu ya televisheni ya mwaka 1968, na walipomwona kwa mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2003. Mwigizaji alikuwa yule yule Peter Falk, na koti lilikuwa bado limekunjamana. Jirani zetu wa Kenya wana Vioja Mahakamani, kichekesho cha washitakiwa na mahakimu kilichodumu miongo kadhaa, kisha wakampata Inspekta Mwala, aliyeigizwa na Davis Mwabili. Mtazamaji wa michezo hii ukimuuliza ni kesi gani iliyosikilizwa juma lililopita, aghalabu hakumbuki. Lakini atakuigizia mshitakiwa alivyojibu, na sauti yake ilivyopanda.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Dodoma, na jambo hili limenishughulisha kwa miaka. Naona siri yake imo katika lugha kabla ya kuwamo katika picha. Tena naona kwamba sisi wasemaji wa Kiswahili tulikwisha kuionja mapema, maana Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, miaka takriban 20 baada ya Zanzibar. Mpelelezi wetu wa mfululizo alitufikia kwa kitabu. Jina lake Bwana Msa.

Muhammed Said Abdulla, aliyemuumba, alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alianza kazi katika idara ya afya, akiwa mkaguzi, kisha akaingia katika magazeti, na kuanzia mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo. Napenda kudhani kwamba ile kazi ya ukaguzi ndiyo iliyomfunza mengi. Mtu anayepiga hodi nyuani mwa watu na kuuliza habari za maji na taka hujifunza upesi namna binadamu anavyomjibu mwenye daftari mkononi: atajibu lile asiloulizwa, na lile aliloulizwa atalizunguka.

Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957-58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ukachapishwa mwaka 1960. Mwaka 1968 kikatoka Kisima cha Giningi. Kisha miaka ya sabini ikawa ya mavuno: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Cha mwisho, Kosa la Bwana Msa, kilitoka mwaka 1984. Vitabu saba, miaka 24, mpelelezi mmoja. Na jina la mpelelezi huyo, kama wengi walivyogundua, ni herufi za mwanzo za majina ya mwandishi mwenyewe, M.S.A., zikatamkwa kama neno. Fumbo la kwanza la mfululizo mzima limewekwa juu ya jalada, mahali ambapo kila mtu hulitazama na wachache huliona.

Bwana Msa si askari. Hana cheo, hana pingu, wala hana amri ya kumkamata mtu. Inspekta Seif ndiye mwenye serikali nyuma yake. Bwana Msa ana kiko, ana rafiki yake Najum, na ana nafasi ya kukaa. Wahakiki wamemfananisha na Sherlock Holmes, aliyeanza kusomwa mwaka 1887, na sura ya mfanano huo haijifichi: kiko ni kile, na rafiki anayetazama bila kuona yupo. Lakini Holmes husoma majivu na matope ya viatu. Bwana Msa naye hutazama vitu, ila mimi huvutwa zaidi anapotega sikio. Mtu akizungumza naye hudhani yuko barazani tu, anapitisha jioni, na kumbe yuko kizimbani. Mzaha ndio chambo. Anayecheka hulegea, na aliyelegea hutaja jina ambalo hakukusudia kulitaja.

Tena mzaha huo haumdharau mtu kwa imani yake. Katika riwaya ya kwanza yupo maiti mahali pa mzimu, na wapo watu walio tayari kuamini kwamba ni wa kale waliomtwaa. Kisima cha Giningi nacho kimebeba jina la mahali ambapo hadithi za Visiwani husema wachawi hukutania. Bwana Msa haamini hayo, na mwandishi haamini. Lakini hawaamki kuhubiri.

Nakala ya kwanza ya Mzimu niliyoijua ilikuwa ya baba mdogo, karani wa reli, naye alikuwa akitusomea jioni kwa mwanga wa taa ya chemli. Kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofoka. Hatukujua nani aliyeua. Baba mdogo alipofika ukingoni mwa ukurasa uliobaki alifunga kitabu, na kila mtu akamtaja mhalifu wake: bibi alimshuku huyu, jirani alimshuku yule, na mashauri yakaendelea hadi taa ikaisha mafuta. Baada ya majuma machache kitabu kilianza upya kutoka mwanzo, kwa maombi ya wasikilizaji. Nilipokuja kukisoma kizima, shuleni, nilifurahi kujua mwisho wake, lakini niliusoma mara moja tu. Kurasa za katikati, za maongezi, nimezirudia hata sasa siwezi kuhesabu.

Ndiyo maana Columbo hakunishangaza nilipomwona. Katika michezo yake mingi muuaji huonyeshwa mwanzoni kabisa. Mtazamaji anajua kila kitu kabla mpelelezi hajaingia mlangoni. Wenye kuamini kwamba hadithi ya upelelezi ni fumbo na jibu lake wangetarajia watu wazime televisheni. Badala yake wanakaa hadi mwisho, kwa sababu kilichobaki ni mazungumzo: mtu mnyenyekevu mwenye koti bovu anamuuliza tajiri swali la kipuuzi, anaaga, anafika mlangoni, anageuka. Ni kile kile kitabu cha baba mdogo kilichopotelewa na kurasa, isipokuwa Wamarekani walizinyofoa kwa makusudi.

Sasa nije kwenye uwanda wetu, kwa kuwa Bwana Msa alisomwa Dodoma tofauti na alivyosomwa Mji Mkongwe.

Kiswahili kilipanda huku kwa miguu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, ikatozwa hongo na watemi wa Kigogo kabla ya kuruhusiwa kuchota maji na kuendelea. (Wapenzi wa maneno watazame safari ya neno hilo: lilikuwa ushuru wa njia, wa vitambaa na shanga, ukitolewa hadharani, leo ni jina la kosa la jinai, na hutolewa chini ya meza.) Baadaye wakaja Wajerumani na reli, iliyofika Dodoma mwaka 1910, na lugha ya karani na stesheni ikaja nayo. Wakaja wamisionari, wakaja walimu, na tangu mwaka 1930 ikawapo kamati ya kusanifisha lugha, yenye kuchukua Kiunguja kuwa msingi. Kwa hiyo mtoto wa Mvumi au wa Kongwa alikutana na Kiunguja darasani, kikiwa kimepigwa pasi. Kilikuwa lugha ya soko, ya kodi, ya mtihani, ya barua ya serikali. Kigogo ndicho kilichokuwa cha kuchekea, kama Kirangi kilivyokuwa Kondoa.

Bwana Msa aliporejea kwetu na lugha ile ile ya mtihani, alikuja nayo imevua viatu. Watu wake hukatizana, huapa, huguna, hushangaa kwa loo na ebo, husema jambo kwa upande na kusubiri kuona kama limefika. Bibi yangu, aliyekijua Kiswahili cha gulioni tu, alikuwa akimkatiza baba mdogo ampe maana ya msemo, akishaupata anaurudia kwa sauti ya mhusika, akiutia lafudhi ya Kigogo, na wote tunacheka mara mbili. Hapo ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba lugha hii yaweza kukaa kitako.

Wasomaji wa mashairi wanajua kwamba uwanda huu ulikuwa na bwana wake wa mazungumzo. Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, upande wa Chamwino, mwaka 1917, mwaka mmoja tu kabla ya Muhammed Said Abdulla. Mgogo huyu aliyekuja kuwa mwalimu, liwali na hakimu alijifunza Kiswahili cha pwani hata akawa miongoni mwa mafundi wake, akaandika historia na mila za Wagogo, akatoa diwani, akaongoza UKUTA, na akaukuza utungo wa ngonjera, ushairi wa watu wanaojibizana. Naona ajabu kwamba vijana wawili wa umri mmoja, mmoja Makunduchi na mwingine Ihumwa, wote walifikia hitimisho kwamba Kiswahili hupendeza zaidi kinywani mwa watu wawili kuliko kinywani mwa mmoja.

Lakini tazama njia zao zilipoachana. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi na kuwataka wasaidie kulieneza Azimio la Arusha. Ngonjera ikaitika wito huo. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA zikatoka baada yake, kitabu cha kwanza mwaka 1970 na cha pili mwaka 1971, zikaingia shuleni nchi nzima. Umbo lake mnalijua: asiyejua huuliza au hubisha, ajuaye humjibu, na mwishoni mbishi hukubali. Nilisimama jukwaani nikiwa mbishi zaidi ya mara moja. Nilikuwa na beti nzuri za ubishi, nami nilijua tangu siku ya kwanza ya mazoezi kwamba ubeti wangu wa mwisho ni wa kushukuru kwa kufunguliwa macho.

Mwaka huo huo wa 1968 ndio uliotoka Kisima cha Giningi. Kati ya vitabu hivyo viwili kuna mazungumzo mawili ya Kiswahili, na mtoto wa shule wa Dodoma aliyasikia yote. Katika moja ajuaye hutangaza ujuzi wake ubeti wa kwanza. Katika jingine ajuaye huuficha, hujifanya mzembe, huuliza habari za watoto na za mavuno, na ubishi haumalizwi kwa kuamriwa. Sisemi kwamba moja ni bora. Mnyampala alikuwa hakimu, alisikiliza mashahidi kwa riziki yake, na beti zake za mabishano zina ukali ambao waigizaji wa shule waliutia maji. Lau angependa, angeandika riwaya ya upelelezi ya kutisha. Ninachosema ni kwamba nchi iliyokuwa ikijifunza kukubali kwa pamoja ilihitaji pia mahali pa kutokukubali bila kugombana, na mahali hapo palipatikana katika kitabu cha kuchekesha.

Hapa kuna shitaka dhidi ya Bwana Msa, nami sitaki kulipita kwa mzaha. Dunia yake ni ya Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya 1964: wenye mashamba, majumba, watumishi, urithi unaogombewa. Hata vitabu vya miaka ya sabini havikuhama huko kwa moyo mmoja. Wakati vinachapwa, uwanda wetu ulikuwa katika tufani. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamisha Wagogo kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 ukapitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Familia zilizoacha matembe yao zikaanza upya kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Katika hali hiyo, mtu aweza kuuliza kwa haki, ni nini cha kuchekesha katika ugomvi wa matajiri wa karafuu? Wapo wahakiki waliouliza. Wengine wakazifungia riwaya hizi katika chumba cha fasihi pendwa, ufunguo wakauweka juu ya kabati.

Shitaka lina ukweli. Vipo vicheko katika vitabu hivyo ambavyo mtumishi ndiye anayechekwa, na siku hizi nikivisomea darasa sauti yangu hupungua. Hata hivyo nakumbuka namna bibi alivyosikiliza. Alikuwa miongoni mwa waliohamishwa. Alikuwa ameketi katika mikutano mingi ambamo mtu mwenye daftari alimuuliza maswali kwa Kiswahili, na alijifunza kujibu kwa ndiyo. Katika kitabu alimsikia mtu wa pwani mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha bwana wa daftari, asiyemkaripia mtu, anayemngoja mtu amalize. Hakuwahi kusema neno juu ya karafuu. Alichopenda, kwa maneno yake mwenyewe ambayo nayaweka hapa kutoka Kigogo, ni kwamba huyu mzee wa kiko anauliza kama mtu ambaye kweli hajui.

Wapelelezi wengine walifuata, nami niliwasoma kwa hamu. Faraji Katalambulla alikuwa amekwisha kutupa Simu ya Kifo mwaka 1965, yenye askari wa kweli kazini. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, shujaa wa nchi zilizokuwa zikipigania ukombozi wa kusini mwa Afrika, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Hao walipendwa mno, hata nakala zikapita mkono kwa mkono katika mabweni hadi zikaisha jalada. Lakini Gamba hana nafasi ya kukaa. Anapozungumza, anapiga hatua. Ukikijua kisa chake umekijua, na ni Msa peke yake ambaye naweza kumfungua ukurasa wowote, nisome aya tatu, nifunge, nikafunge ng'ombe.

Wanafunzi wangu wa sasa walizaliwa televisheni ikiwa imekwisha enea. Wengi wanapanga kusoma Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Wengine wana jamaa wafanyao kazi katika Mji wa Serikali pale Mtumba, karibu na Ihumwa ya Mnyampala. Kiswahili chao ni chepesi na cha haraka, kina maneno mapya ambayo huyaandika pembeni mwa daftari langu. Kimoja kinanipa wasiwasi. Wakiandika mazungumzo katika insha, kila mhusika husema lile analolifikiria. Mwizi anasema ameiba kwa sababu ya umaskini. Mama anasema anahuzunika. Nikiwauliza mama wa kwao husemaje akihuzunika, wananitazama kisha mmoja anasema: "Mwalimu, hasemi. Anauliza kama tumekula." Basi, nawaambia, andika hilo. Kisha nawapa Mzimu, nakala za kudurufu kwa kuwa za kiwandani ni adimu, tunasoma kwa kupokezana, na ninawataka waniambie nani anadanganya, katika sentensi ipi, kwa neno gani. Wavivu wa darasa ndio hushinda zoezi hili. Wana mazoea ya kudanganya na ya kudanganywa.

Wamewahi kuniuliza kwa nini hakuna mtu aliyemfanya Bwana Msa kuwa tamthiliya ya runinga ya misimu mingi, hali vitabu viko saba na Unguja haijahama. Nimewajibu kwamba nami ningependa kumwona, lakini nina masharti. Asipewe gari la kukimbizana. Najum asifanywe zuzu, kwa maana mtu anayesadiki haraka si mjinga, na mzaha wa vitabu hivi huharibika ukisahau hilo. Watumishi wapewe wao pia zamu ya kumcheka bwana. Wahusika wasizungumze Kiswahili cha taarifa ya habari. Na mwongozaji awe na ujasiri wa kuiacha kamera mahali pamoja dakika tatu nzima, mzee akijaza kiko chake, mgeni wake akizungumza, na mzee asiseme kitu.